Je, Ni Huruma Kumwambia Mtoto "Haiumi"?

Karibu kila mtoto aliyewahi kupelekwa hospitali amelisikia neno hili kabla ya sindano: haiumi. Mama analisema, bibi anayemuuguza mjukuu kitanda cha pili analisema, na wakati mwingine mwenye sindano mwenyewe analisema. Kisha sindano inaingia, na inauma. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na hii huenda ni fupi kuliko zote, maana haizidi urefu wa sindano.

Ni watu wachache wanaouhesabu huo kuwa ni uongo. Ni maneno ya upendo, yamesemwa kwa nia njema, na mtoto atasahau. Hata hivyo sisi tunaokiri kwamba Mungu ni kweli, na kwamba Mungu huyo huyo ni upendo, tunapaswa kusimama kidogo mahali hapa ambapo mambo hayo mawili yanaonekana kugombana. Mtoto anayetetemeka kwa hofu anahitaji nini kwetu? Anahitaji kuambiwa kweli, au anahitaji kufarijiwa? Na nani alisema ni lazima apewe kimoja tu?

Swali hili tulilikuta wodini. Kikundi chetu cha usharika hutembelea wagonjwa, na siku moja tulifika wodi ya watoto wakati wa kusafisha vidonda. Alikuwapo mtoto wa kiume wa miaka kama saba, ameungua tumbo na paja kwa uji wa moto. Wanaoyajua majeraha ya moto wanajua kwamba siku ya kuungua siyo ngumu kuliko zote. Ngumu ni zile zinazofuata, bandeji inapokuwa imeganda kwenye kidonda na ni lazima ibanduliwe, leo, keshokutwa, na tena baada ya hapo. Mtoto yule alikuwa ameshaijua sauti ya magurudumu ya kitoroli. Kiliposikika mwisho wa ukumbi, alianza kulia kabla hakijafika, akashika kitenge cha mama yake kwa mikono miwili.

"Nyamaza, baba, leo haiumi," mama yake alimwambia. Bibi wa kitanda cha pili akaongeza kwamba mwanamume halii.

Muuguzi aliyekuja, mama wa makamo, hakuwakemea. Alikiacha kitoroli mbali kidogo, akavuta stuli, akaketi mpaka uso wake ukalingana na uso wa mtoto. "Mama hapendi uumie, ndiyo maana amesema hivyo," alimwambia. "Lakini mimi sitakudanganya, baba. Hizi bandeji za juu haziumi, utaona mwenyewe. Ile ya mwisho, iliyoshika, itauma. Dawa uliyokunywa itapunguza, ila haitamaliza yote."

Mtoto akauliza itauma kwa muda gani. Muuguzi akafikiri kabla ya kujibu. "Kama kuimba wimbo mmoja wa shule ya Jumapili, wenye beti tatu. Ukisema basi, nitasimama. Nitahesabu mpaka tano, utapumua, halafu tutaendelea. Kulia ruhusa. Mguu tu usiurushe, huo nisaidie."

Tungependa kuandika kwamba mtoto alitabasamu. Hakutabasamu. Alilia sana. Alisema "basi" mara nne, na mara zote nne muuguzi alisimama, akahesabu, ingawa mwenzake alikuwa anamwita kutoka mlangoni. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Ilipokwisha, mtoto, shati limelowa jasho, aliuliza swali moja: "Keshokutwa ni wewe?" Na hata hapo yule mama hakujipendekeza. Alimwambia kwamba keshokutwa atakuwa zamu ya usiku, atakuja dada mwingine, na kwamba atamweleza huyo dada habari ya "basi".

Tumelifikiria tukio hilo mara nyingi. Jambo la kwanza tuliloliona ni kwamba kweli ile iliigawa hofu. Mtoto aliyeambiwa "haiumi" kisha akaumia hana tena njia ya kujua lipi linauma na lipi haliumi. Ataogopa sindano, na ataogopa pia kipimajoto, mizani, na mtu yeyote mwenye koti jeupe. Huyu aliambiwa kwamba bandeji za juu haziumi, akaona ni kweli. Kwa hiyo neno "haiumi" lilipata thamani tena. Hofu yake, ambayo ilikuwa imejaza wodi nzima, ilipunguzwa ikawa ya ukubwa wa kitambaa kimoja na muda wa wimbo mmoja.

Na uongo huu, hata ukifaa, unafaa mara moja. Wapo watoto ambao hospitali ni nyumba yao ya pili. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa wa selimundu, na mtoto mwenye selimundu atachomwa sindano, atawekewa dripu na kutolewa damu ya vipimo mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Ukimdanganya akiwa na miaka mitatu, ni nani atamwamini akiwa na kumi?

Jambo la pili halikuwa maneno. Dawa ya maumivu ilikuwa imetolewa mapema, ili ipate muda wa kufanya kazi kabla ya kitoroli kufika. Bandeji ya mwisho ililoweshwa kwanza kwa maji ya chumvi ili ijiachie. Tunalisema hili kwa sababu katika mahubiri yetu huruma huelezwa kana kwamba ni hali ya moyo tu. Huruma ya muuguzi huyu ilikuwa na saa ya mkononi. Mtu anayesema maneno matamu kwa mtoto, lakini amesahau kumpa dawa kwa wakati, amemwachia mtoto kazi ambayo ilikuwa yake.

Sasa, wapo watakaopinga, na wana hoja. Watasema Biblia yenyewe inawasifu watu wa hospitali waliodanganya. Ni kweli. Katika Kutoka sura ya 1, wakunga Shifra na Pua walimwambia Farao kwamba wanawake wa Kiebrania huzaa upesi kabla mkunga hajafika, na Mungu akawatendea mema. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliandika vitabu viwili juu ya uongo, kimoja yapata mwaka 395 na kingine yapata mwaka 420, na habari ya wakunga hao ilimsumbua. Alishikilia kwamba uongo wote ni dhambi, ingawa si wote una uzito sawa. Lakini katika kitabu cha pili anautaja mfano wa mgonjwa mahututi ambaye mwanawe wa pekee amefariki, naye anauliza kama mwanawe yu hai. Augustino anakiri kwamba mfano huo unamgusa sana. Hakubadili msimamo wake, lakini tunampenda zaidi kwa kukiri huko.

Hatuna haja ya kumaliza ugomvi wote huo hapa. Inatosha kutazama nani anamdanganya nani. Wakunga walimdanganya mwenye nguvu ili kumkinga asiye na nguvu. Anayemwambia mtoto "haiumi" ni mwenye nguvu anayemdanganya asiye na nguvu, na tena anayemtegemea. Tujiulize pia, nani anapata nafuu kwa uongo huo? Mtoto anapata nusu dakika. Nafuu kubwa ni ya kwetu sisi watu wazima, kwa sababu kumtazama mtoto machoni na kumwambia "itauma" ni jambo linalotuumiza sisi. Yule muuguzi alikubali sehemu hiyo ya maumivu iwe yake.

Uko uongo mwingine wa aina hii, wa kinyume, unaosikika mitaani kwetu kila siku: "Ukiendelea kulia nitamwita nesi akuchome sindano." Mzazi anayesema hivyo amemgeuza muuguzi kuwa jini. Mtoto akija kuugua kweli, muuguzi anaanza kazi akiwa na deni ambalo hakulikopa. Hili halihitaji hoja ndefu. Liachwe.

Turudi kwenye kufariji. Kuna wanaodhani kwamba mtoto aliyenyamaza amefarijika. Mwaka 1952 James Robertson, mtafiti aliyefanya kazi London, alitoa filamu kuhusu mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa siku 8 kwa upasuaji mdogo wa henia ya kitovu. Zama hizo hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa muda mfupi tu, kwa hoja kwamba mtoto akimwona mama analia, na asipomwona anatulia. Filamu ile ilionyesha kwa uwazi kwamba kutulia huko kulikuwa huzuni iliyokosa mtu wa kuiambia. Madaktari na wauguzi wengi hawakufurahi kuonyeshwa hilo. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt ikapendekeza wazazi wa Uingereza waruhusiwe kuwaona watoto wao hospitalini bila kubanwa na saa. Kwetu, mama hulala na mwanawe wodini, mara nyingine kwenye mkeka chini ya kitanda, kwa kuwa hakuna mtu mwingine wa kumlisha na kumwogesha. Umaskini wetu umetutunzia kitu ambacho nchi tajiri zililazimika kujifunza upya.

Basi mtoto kulia si kushindwa kwa muuguzi, na wala mtoto kunyamaza si ushindi wake. Wazee wengine bado humwita muuguzi "sista", na jina hilo hutukumbusha kwamba katika makanisa mengi uuguzi ulikuwa huduma ya akina dada waliojitoa. Mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walianzisha nyumba ya mashemasi wa kike Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1836, na Florence Nightingale alikwenda kujifunza huko mwaka 1851. Lakini neno letu wenyewe linatufaa zaidi. Muuguzi ni mwenye kuuguza, na kuuguza kunatokana na kuugua. Kuugua kwa Kiswahili ni kuwa mgonjwa, na pia ni kutoa ile sauti ya chini ya mtu mwenye maumivu. Waliotafsiri Warumi sura ya 8 walilitumia neno hilo hilo: viumbe vyote vinaugua, sisi nasi tunaugua, na Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua. Roho hakutajwa pale kama mwenye kutunyamazisha. Anaingia ndani ya kuugua kwetu na kukufanya maombi. Muuguzi anayemwambia mtoto "kulia ruhusa" huenda hajawahi kuisoma sura hiyo kwa namna hii, lakini anaifanya.

Na lile neno "usiogope", ambalo Maandiko yamelijaa? Hapa tusome taratibu. Katika Matendo sura ya 27, malaika anamwambia Paulo asiogope, wakati jahazi limepigwa na tufani siku nyingi. Paulo anawapelekea wenzake habari hiyo bila kuikata: hakuna hata mmoja atakayepoteza maisha, lakini chombo kitapotea, na ni lazima watupwe kwenye kisiwa. Watu 276 wanaambiwa kwamba meli itavunjika. Kisha anawasihi wale chakula, anaumega mkate mbele yao, nao wanachangamka. Hakuwaambia tufani haiumi.

Kinyume chake ni Hanania, katika Yeremia sura ya 28. Yeye aliwatangazia watu kwamba nira ya Babeli itavunjwa katika miaka miwili, na vyombo vya hekalu vitarudi. Yalikuwa maneno matamu. Yeremia aliposikia alisema amina, maana naye alitamani iwe hivyo, kama mama yeyote anavyotamani kidonda kisiume. Lakini haikuwa hivyo. Barua yake kwa waliohamishwa ilisema miaka 70, tena ikawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko. Ni faraja ngumu, ila ndiyo iliyowafaa watu miaka miwili ilipopita na hakuna aliyerudi.

Wengine watatukumbusha binti Yairo, katika Marko sura ya 5. Je, Bwana Yesu hakusema msichana amelala tu, na wote wanajua amekufa? Alisema. Na aliweza kusema hivyo kwa sababu alikuwa na uwezo wa kumwamsha. Sisi hatuna uwezo huo, kwa hiyo hatuna ruhusa ya kuyaazima maneno yake. Tunachoweza kuazima ni yale mengine aliyoyafanya chumbani mle: aliwatoa wenye makelele, akawaingiza baba na mama, akamshika mkono msichana wa miaka 12, akazungumza naye kwa lugha ya nyumbani kwao, ambayo Marko aliitunza kama ilivyo, na mwisho akaagiza apewe chakula. Hayo yote yako ndani ya uwezo wa muuguzi, na wa mzazi, na wetu. Tumewahi kumwona mtoto kutoka kijijini, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni tu, akiacha kutetemeka kwa sababu muuguzi alimsalimu kwa Kihaya.

Tumeyasema haya ya sindano na bandeji, lakini swali gumu liko mbele zaidi, na kwa usharika wetu ndilo lenye uzito. Mtoto aliyeugua muda mrefu anamuuliza muuguzi usiku, mama akiwa amesinzia: "Nitakufa?" Hapo watu wazima wengi hukimbilia neno lile lile kwa sura nyingine: "Hufi, utapona." Na sisi wa kanisa tunaokuja na maombi huweza kulisema kwa sauti kubwa kuliko wote, tena kwa jina la Yesu.

Tunaamini Mungu anaponya. Tunaomba uponyaji, na tutaendelea kuomba. Lakini kuomba ni kumwomba Mungu, wala si kumtangazia mtoto jibu ambalo Mungu hajalitoa. Mtoto akiahidiwa kupona na asipone, katika siku zake za mwisho atafanya hesabu ya kitoto na kupata jibu la kutisha: kwamba imani yake ilikuwa ndogo, au kwamba Mungu amemkataa. Atabaki na hesabu hiyo peke yake, maana wale walioahidi wataona aibu kurudi. Hatujui ukatili mkubwa kuliko huo unaoweza kufanywa na watu wenye nia njema.

Muuguzi mmoja wa siku nyingi alitueleza anavyofanya. Hajibu ndiyo wala hapana, kwa sababu mara nyingi hata yeye hajui. Anakaa, kisha anauliza: "Ni nini kinachokutisha?" Alisema majibu humshangaza. Mmoja aliogopa kwamba mama yake atalia na hakutakuwa na mtu wa kumnyamazisha. Mwingine aliogopa giza la chumba cha mwisho wa ukumbi, ambako aliona wanapelekwa watu wasiorudi. Mwingine alitaka kujua kama atakuwa peke yake. Hofu hizo kila moja ina jibu la kweli, na taa ya ukumbi inaweza kuachwa inawaka. Bwana wetu mwenyewe, usiku wa Gethsemane, hakuficha kwamba ameingiwa na hofu. Aliwaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye, nao walilala.

Lakini tusimpe muuguzi mzigo huu wote, halafu twende zetu nyumbani tukimsifu. Kusimama mara nne na kuhesabu mpaka tano kunahitaji muda, na usiku muuguzi mmoja huweza kuwa na wodi nzima mikononi mwake. Mtu aliyechoka, ambaye watoto ishirini wanamngoja, atasema "haiumi" kwa sababu ndiyo njia ya haraka, na hatuwezi kumhukumu. Kweli inayosemwa kwa upole ina gharama yake, na gharama hiyo lazima ilipwe na watu wengi.

Kwa hiyo tulimwendea muuguzi mkuu wa wodi ile, tukamuuliza kama tungefaa kitu. Alitupa masharti. Tuje saa ya kusafisha vidonda, tusije saa ya kutazama wagonjwa, ambapo wageni ni wengi tayari. Tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto yeyote. Tusigawe pipi kabla ya kazi, maana watoto wameshajua pipi ina maana gani. Tusimwambie mtoto yeyote lini ataruhusiwa kwenda nyumbani. Siku hizi wawili wetu huenda Jumanne na wawili Ijumaa, hukaa upande ule wa kitanda ambao hauna dripu, na hushika mkono. Mmoja wetu, mwalimu mstaafu, aliuliza kama hatungehitaji kwanza semina. Muuguzi mkuu alimjibu kwamba kinachohitajika kwanza ni sabuni, kwa sababu ya wodi ilikwisha Jumamosi.